Amana ya Haji Nimr

Haji Nimr alikata roho mchana, kwenye godoro la sponji, ndani ya ukumbi wa kanisa la Kiinjili la Ain-Sindiyan, huku mkewe akimpepea kwa kipande cha boksi la biskuti. Si bomu lililomuua. Moyo ulichoka tu. Aliomba maji, akaletewa, akasema yana baridi nzuri, kisha akageukia ukutani kama mtu anayetaka kulala. Wadad, mke wa mchungaji, alikuwa anaingia na sinia la wali wa dengu aliposikia Hajati Zakiya akimwita mumewe. Mara ya kwanza aliita kwa sauti ya kawaida, kama anayetaka kumwuliza jambo. Mara ya mwisho watoto wote ukumbini wakanyamaza.

Tangu vita vianze, ukumbi ule ulijaa watu wa vijiji vya kusini. Mashuka yalikuwa mapazia, kamba za nguo zilivuka kutoka dirisha hadi dirisha, na kila ndege ilipopita juu ya mlima akina mama walinyoosha mikono kuwatafuta watoto wao bila hata kugeuza macho. Wadad alizoea kupita katikati ya magodoro akiomba radhi kila hatua. Sasa aliweka sinia sakafuni, akapiga magoti, akamshika Hajati mabegani. Hajati hakulia. Alikuwa anamfunga marehemu kidevu kwa kitambaa chake mwenyewe cha kichwa, haraka haraka, nywele zake nyeupe zikiwa wazi mbele ya wanaume, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

"Adnan," akamwita mpwa wa mumewe. "Mjomba wako anataka kuoshwa. Joto hili halitusubiri."

Adnan alikuwa fundi wa umeme, mtu mzima mwenye mvi za mapema, na tangu wafike alikuwa ametengeneza kila kilichoharibika pale kanisani bila kuombwa. Alitoka nje kupiga simu. Akarudi. Hospitali ya bondeni majokofu yamejaa. Daraja la chini limepigwa, na barabara ya kusini haipitiki hata kwa punda. Sheikh wao mwenyewe ni mkimbizi, yuko kwenye shule ya serikali upande wa pili wa mji. Sheikh kasema marehemu aoshwe, avishwe sanda, awekwe ardhini kwenye sanduku kama amana, na siku njia ikifunguka wamchukue wakamzike kwao.

"Tunahitaji chumba chenye bomba, Mama Ramzi," Adnan akamwambia Wadad, akitazama viatu vyake. "Na kipande cha ardhi. Kidogo tu. Cha kuazima."

Chumba chenye bomba kilikuwa kimoja, nyuma ya ukumbi, ambako akina mama wa kanisa huoshea vyombo vya Meza ya Bwana. Ardhi ilikuwapo, lile tuta la mizeituni chini ya makaburi. Wadad alitaka kusema ndiyo palepale. Lakini ufunguo haukuwa wake.

"Ngoja nimwite Mchungaji," akasema, na neno hilo likamwacha na ladha mbaya mdomoni.

*

Mchungaji Nasri alikuja akiwa amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa mhubiri hodari. Watu walipanda kutoka mji wa chini kuja kumsikiliza, na neno lake kubwa kila mtu alilijua: dini haiokoi. Jumapili ya kwanza ya vita alilisema tena, akipiga mimbari kwa kiganja. Dini, alisema, ni kazi ya mikono ya mtu. Ni namna mtu anavyojikinga na Mungu huku akidhani anamtafuta. Ni kutoamini kulikovaa nguo za ibada. Na hukumu, akasema, huanza na nyumba yetu sisi. Watu waliitikia kwa vichwa, wengine wakatupa jicho upande wa ukumbi, ambako wakati huohuo mtu alikuwa anaadhini kwa sauti ya chini. Wadad aliyaona yale macho.

Nasri aliinama mbele ya Hajati Zakiya, akaweka mkono kifuani. "Mungu akupe subira, mama yangu. Nimesikia mnavyohangaika. Naomba nikwambie neno moja la faraja. Mbele za Mungu, mtu aoshwe asioshwe, yeye ni yuleyule. Mungu haangalii maji. Haji amekwisha kupokelewa."

Alisema kwa upole wa kweli. Wadad alimjua, aliona kwamba macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mchungaji, umetupa mahali pa kulala na Mungu akulipe," Hajati akasema. "Lakini hilo la kuoshwa asioshwe, nenda kamwambie yeye mwenyewe. Yule pale. Mwamshe umwambie."

"Mama, sikukusudia..."

"Nyumba wamebomoa. Tumbaku imekauka shambani hakuna wa kuichuma. Mwanangu sijui alipo, na mkewe Ibtisam yule pale, kila simu ikilia anaikimbilia. Na wewe unaniambia hata hiki si kitu? Kwako si kitu. Kwangu ndicho nilichobakiwa nacho."

Nasri aliwekwa mahali ambapo hakuna mhubiri anayependa kuwekwa. Kisha akasema kwamba yeye binafsi hana kinyongo, ila kanisa lina wazee wake, na jambo kama hili lazima awaulize.

"Waulize," Hajati akasema, akarudi kwa maiti wake na kuendelea kumfukuzia inzi.

*

Wazee wa kanisa walikuwa kadhaa, lakini kuwauliza maana yake ilikuwa kumwuliza Fawzi. Fawzi ndiye mwenye kituo cha mafuta njia panda, na tangu umeme ukatike mafuta yake ndiyo yaliyoendesha jenereta ya kanisa na pampu ya maji. Hakuwa mtu mbaya. Wiki ile ya kwanza alileta blanketi gari zima. Alifika akiwa na wenzake wawili, akajifuta jasho la shingoni, akakataa kahawa. Wakakutana uani, chini ya dirisha la ukumbi, ambako kila neno lilisikika ndani.

"Mchungaji, kulala sawa," akasema. "Kula sawa. Wamesali humo, nikasema acha, watu wana shida. Sasa ni kuosha maiti kwa kanuni zao, mahali tunapooshea vikombe vya Bwana? Halafu kaburi kwenye ardhi yetu? Kesho kutwa utaona kuba pale."

"Ni amana tu, Baba Elias," Nasri akamjibu Fawzi. "Watamwondoa."

"Lini?"

"Vita vikiisha."

Mmoja wa wale wazee akacheka kidogo puani. Katika nchi ile lilikuwa jibu la kuchekesha.

"Na mimi sijitungii," Fawzi akaendelea. "Nakufuata wewe. Nani kasema dini ni kutoamini? Nani kapiga ile mimbari hadi glasi ya maji ikaruka? Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu, leo Mchungaji kasema kweli tupu. Sasa kama dini ni kutoamini, udhu na sanda na kumgeuza maiti kibla ni nini? Nifafanulie, mimi muuza mafuta."

Wadad alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Alimtazama mumewe akitafuta neno. Alijua jinsi anavyotafuta maneno, kwa kujishika sikio. Alijishika sikio kwa muda mrefu.

"Labda tutafute mahali pengine," Nasri akasema hatimaye. "Kwa ajili ya amani."

Fawzi akalegea. Alipolegea alikuwa mkarimu tena. "Mbona mahali papo! Kituoni kwangu. Pale tunapooshea magari. Maji yana nguvu, sakafu ina mteremko, hayatuami. Nitawafungia turubai pembeni, wamwoshe vizuri wanavyotaka, wala sitawatoza kitu."

Fawzi mwenyewe hakuona alichokisema. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho, akasubiri shukrani.

Adnan akatokea dirishani. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. Wadad alidhani atatukana, na moyoni alitamani atukane.

"Ahsante, Baba Elias," Adnan akasema. "Tutakuja na blanketi la kumbebea."

Na ndani sauti ya Hajati ikasikika, kavu, ikiwaambia wanaume: "Haya. Mtu hachagui. Shikeni pembe nne."

*

Wadad alimfuata mumewe hadi chumba chake cha vitabu, akafunga mlango nyuma yake.

"Watamwosha kwa bomba la kuoshea magari," akasema.

"Nimesikia, Wadad."

"Mzee wa watu. Alikuwa anakukunjia viti vya ibada kila Jumapili, mgongo unamuuma."

"Unadhani sijui? Kanisa litapasuka. Fawzi akizima ile jenereta, ni watoto wao hao watakaokosa maji."

"Usimsingizie Fawzi. Fawzi kasema anachoogopa. Wewe unaogopa nini?"

Nasri alianza kutembea, dirishani, mezani, dirishani. Chumba kilikuwa chembamba na kila alipogeuka aligonga kiti. "Mimi nafundisha kwamba Mungu hakai katika mambo haya. Si kwao wala si kwetu. Nikibeba mimi mwenyewe karafuu maiti na majani yao ya mkunazi, nitakuwa nimesema nini?"

"Miaka yote hii nimekusikiliza," Wadad akasema, na sauti yake ikaanza kumponyoka. "Dini haiokoi, dini ni ukuta. Nikakuamini. Nikaacha rozari ya mama yangu kwenye droo kwa ajili ya maneno yako. Sasa niambie, pale kwenye lile sinki tunalinda nini? Kama Mungu hakai katika mambo haya, basi lile ni sinki. Waache wamwoshe mzee wao kwenye sinki. Na kama ni takatifu, haligusiki na mikono yao, basi una dini, Nasri. Unayo kama Fawzi, ila yako ina vitabu."

Aliogopa alipomaliza. Hawakuwa watu wa kusemezana hivyo. Nasri alisimama, mkono sikioni, akitazama rafu zake kana kwamba mmoja wa wale waandishi angemjibia. Nje walisikia miguu mingi ikitembea kwa pamoja, polepole, hatua za watu waliobeba kitu kizito.

Akatoka. Wadad akamfuata akikimbia.

Walikuwa wamefika getini, wanaume wanne na blanketi lililolemea katikati. Nasri akasimama mbele yao, akanyoosha mikono yote miwili kama anayezuia ng'ombe.

"Mrudisheni ndani," akasema. "Adnan, mrudishe mjomba wako. Naomba."

"Mchungaji, tumekwisha kuelewana..."

"Mlielewana na mtu mwoga. Mrudisheni."

Fawzi akaja mbio kutoka kwenye gari lake. "Mchungaji! Tumekubaliana nini sasa hivi?"

"Baba Elias, uliniuliza swali, sikukujibu. Nilisema dini ni kutoamini, na sirudi nyuma. Lakini nilisema hukumu inaanza kwetu. Wewe ulisikia inaanza kwao. Na mimi niliona umesikia hivyo, nikaacha, kwa sababu siku ile kanisa lilijaa na nilifurahi."

"Kwa hiyo yao ni halali?"

"Mungu atawahukumu wao na atatuhukumu sisi. Kazi hiyo hakunipa. Mimi nina ufunguo wa ukumbi, basi."

"Na meza?" Fawzi akauliza, akishika jambo la kwanza lililomjia. "Watamlaza juu ya nini? Ile meza ndefu ni ya marehemu mama yangu. Aliitoa kwa kanisa, si kwa hili."

Nasri alifikiri. "Haki yako," akasema. Akarudi ndani, na baada ya muda wakasikia nyundo. Alikuwa anang'oa mlango wa chumba chake cha vitabu. Alitoka nao mgongoni, koti limepasuka kwapani.

Fawzi aliondoka bila kuaga. Haikupita muda jenereta ikakohoa na kuzima. Labda mafuta yaliisha tu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

*

Bomba likawa kavu, hivyo maji yakatoka kwenye chemchemi ya mji, chini ya kilima. Walitengeneza mstari wa ndoo. Nasri alibeba kama wengine, vibaya, akijimwagia viatu, na vijana wa kusini walimcheka kwa siri kisha waziwazi. "Mchungaji, hiyo ndoo inakubatiza wewe," mmoja akasema, na Nasri akacheka hadi akalazimika kuketi kwenye jiwe. Wadad alikuwa hajamwona akicheka tangu vita vianze.

Karafuu maiti walipata kwa mfamasia Mkatoliki. Majani ya mkunazi hayakupatikana mji mzima, na sheikh, aliyekuja kwa miguu akihema, akasema maji matupu yatatosha, dharura ina sheria yake. Adnan na binamu yake waliingia na maiti, mlango wa vitabu ukawekwa juu ya matofali, na pazia likashushwa. Nasri hakuingia. Alipokeza ndoo kwa mkono uliotokeza chini ya pazia, akapokea tupu, akaenda kujaza.

Wanawake walikaa uani. Hajati Zakiya alikuwa ameazima kitambaa cha kichwa cha Wadad, cha maua ya zambarau, kisichomfaa mjane hata kidogo.

"Mumeo anadhani tunaosha ili Mungu atusifu," akasema.

"Mnaosha kwa nini, Hajati?"

"Alikuwa msafi yule. Hata shambani alirudi na shati safi, nikawa namwuliza, wewe umelima au umekaa? Siku zote hizi amelala sakafuni, anaona haya jasho lake mwenyewe. Utampelekaje hivyo kwa Mola wake?" Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza, na Wadad akalia naye, na Ibtisam, na wengine ambao maiti wao walikuwa bado chini ya vifusi na hawakuwa na cha kuosha.

Walimweka ardhini kwenye lile tuta jioni, ndani ya sanduku la mbao za useremala, uso ukielekezwa kibla. Kibla kilikuwa kusini, huko huko walikotoka. Sheikh alisali. Nasri alisimama nyuma ya wanaume wote, kichwa wazi, midomo imefumbwa. Ndege ilipita, chini mno, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinua kichwa.

*

Jumapili iliyofuata viti vilikuwa vitupu zaidi ya nusu. Ukoo mzima wa Fawzi haukuja, na waliokuja walikaa mbalimbali, kama watu kwenye kituo cha basi. Nasri alipanda mimbarini. "Dini," akaanza, kwa ile sauti yake. Akanyamaza. Wadad alidhani amesahau. "Dini yangu," akasema tena, taratibu, na mahubiri yale yakawa mafupi na ya kukwamakwama, na kiganja hakikupiga mimbari hata mara moja. Mama mmoja alimwambia Wadad mlangoni kwamba Mchungaji anaonekana mgonjwa, apumzike.

Hakupumzika. Alitembea nyumba nzima. Chumba chake hakikuwa na mlango tena, kwa kuwa Wadad alikuwa ameusugua na kuuanika, na kila mtu akasahau kuurudisha, basi watoto wa ukumbini wakaingia wanavyotaka na kuzunguka kwenye kiti chake. Alisoma wakizunguka. Alimwendea Fawzi kituoni mara mbili. Mara ya kwanza Fawzi alimjazia gari mafuta, akapokea hela na kurudisha chenji kama kwa mgeni. Mara ya pili aliongea kidogo, kuhusu bei.

"Nilimwambia nini kibaya?" Nasri alimwuliza Wadad. "Na kama yeye ndiye aliyenielewa sawasawa, miaka yote hii?"

Wadad alimpa kikapu cha bamia akate.

*

Vita vilisimama ghafla, kama vilivyoanza. Siku hiyohiyo ukumbi ukawa mtupu, magari yakashuka mlimani yakiwa na magodoro juu ya paa, watu wakipiga honi kurudi kwenye nyumba ambazo nyingi hazikuwapo. Hajati Zakiya aliondoka bila kugeuka nyuma kutazama tuta. "Sijamuaga," alisema tu. "Anakuja."

Walirudi kumchukua mvua za kwanza zilipokaribia. Adnan alikuja na gari la wagonjwa la kijiji, na mwana wa Hajati, aliyepatikana hai mkono mmoja ukiwa umefungwa. Walichimba asubuhi. Sanduku lilitoka zima. Nasri alikuwa amevaa koti lililoshonwa kwapa, na walipofunga milango ya gari akauliza, kama mtu anayeomba lifti, kama yeye na mkewe wanaweza kufuata nyuma.

Safari ilikuwa ndefu, kwa kuwa kila daraja lilikuwa na njia yake ya mchepuko kupitia mtoni. Kijijini ukumbi wa misiba haukuwa na paa, wakafunga turubai. Walimzika Haji Nimr karibu na wazazi wake, na Nasri akasimama mbali tena, karibu na ukuta, mikono mbele, mikono nyuma. Maisha yake yote kwenye mazishi alikuwa na la kufanya. Hapa hakuna aliyemtazama kungoja neno. Wadad, akiwa barazani na wanawake, alimwona akijishika sikio, akamhurumia.

Baada ya maziko wafiwa walijipanga kupokea rambirambi: mwana wa Haji, Adnan, binamu. Hajati Zakiya akanyoosha shingo kutoka barazani, akaita kwa sauti iliyonyamazisha uwanja.

"Adnan! Yule mbona mmemwacha ukutani?"

Adnan akageuka, akaenda, akamshika mchungaji kiwiko, akamleta, akamweka katikati yake na yule mwana. Nasri alitaka kupinga, lakini watu walikuwa wamekwisha kuanza kupita. Wakulima wa tumbaku, wazee wenye tasbihi, vijana wenye plasta usoni. Kila mmoja alimpa mkono. "Mungu amrehemu." Naye akajibu, kwanza kwa kubabaika, kisha kama wenziwe: "Na wazazi wako pia. Na wazazi wako pia."

Mzee mmoja mwenye macho hafifu alimshika mkono asiuachie. Akamsogelea, akamkagua koti, uso uliokosa ndevu.

"Wewe sikujui. Ni nani wako, marehemu?"

Mstari ukasimama. Wadad, barazani, aliyaona maneno yote makubwa yakimjia mumewe usoni na kuondoka, moja baada ya jingine.

"Alizikwa kwangu," Nasri akasema.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa ukoo anaoujua. "Basi pole sana," akasema, akamwachia mkono, akasogea kwa anayefuata.